Ngozi ya Mlango wa Kulia

Jumatatu, 5 Machi 1956

Dilys wangu amelamba kabati. Sasa hivi! Nimegeuka kidogo tu kumwaga majani ya chai, kurudi namkuta amesimama wima, mikono yote miwili juu ya mlango, ulimi nje, analamba ile mahogani kama tofi. Mate mpaka kidevuni. Nimeona aibu jamani — kabati la vitabu la Bi. Aldersey, limeingia karakanani leo asubuhi, hata vumbi la njiani halijafutwa. Nikamnyakua. Mzee Gough, fundi wa polishi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwache, mwanangu. Hata mimi nilianza hivyo hivyo. Eti Dilys, ladha yake ikoje?"

Dilys akamtolea ulimi.

Hii ni wiki yangu ya tatu hapa kwa Bw. Lathom, kwenye karakana yake ya samani za kale. Bado natembea kwa ncha za vidole. Bi. Pugh aliyekuwa akinilelea mtoto alianguka akavunjika nyonga, nikadhani kazi imeniponyoka, lakini Bw. Lathom akasema mlete, mradi asiguse gundi ya moto. Wilf seremala akamtengenezea kizizi cha mabaki ya mbao karibu na jiko la makaa. Usingizi wa mchana analala ndani ya droo la kabati la nguo ambalo mwenyewe hajaja kulichukua. Ameenea kabisa.

Daftari hili nilinunua nijizoeze kuandika kabla ya kumwandikia mume wangu Ivor huko jeshini Saiprasi, maana barua zangu hujaa maneno yaliyofutwa-futwa. Naona naandika tu mambo yangu. Basi.

Jumanne, 6 Machi

Mzee Gough amenionyesha lile kabati. Mimi nilitoka kiwanda cha maboksi ya redio. Kule mbao ni plaiwudi tu, zinapuliziwa vanishi, tunasugua mpaka ujione meno. Nilidhani najua mbao!

Hili lina miaka karibu mia mbili. Juu ni milango ya vioo, vioo vidogo kumi na vitatu kila mlango, vimeshikwa na vijiti vyembamba kama kalamu ya risasi. Vinapokutana, kila kimoja kimechongewa pembe kiingie mwenzake, na nyuma yake kuna utepe wa kitani umebandikwa kwa gundi. Utepe ndio unaoshika. Kwa mbele huuoni. Vioo vyenyewe vina mawimbi — nilimwona Wilf upande wa pili pua imepinda. (Akasema pua yake imepinda hata bila kioo.)

Droo la kati Mzee Gough alilivuta kwa kidole kimoja. Lilikuja kama pumzi. Mbao za ubavuni nyembamba kama biskuti, na pembeni zimeumana kwa meno yenye umbo la mkia wa njiwa. Kati ya jino na jino hata wembe hauingii. "Hakuna msumari, hakuna skrubu," akasema. "Alichonga kwa mwanga wa dirisha, na jua likizama aliacha."

Chini ndipo palipo pazuri zaidi. Milango miwili ya mbao tupu. Fundi alipasua ubao mmoja, akaufunua kama unavyofunua kitabu — nusu mlango wa kushoto, nusu mlango wa kulia. Mistari ya mbao inapanda kama miali ya moto, kushoto na kulia sawasawa, kama mtu na kioo chake.

Nikauliza aliitwa nani huyo fundi. Mzee Gough akasema hakuna ajuaye. Hakuandika jina popote.

Nilitamani kulia, sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye alikuwa mtu wa mikono tu, kama mimi.

Alhamisi, 8 Machi

Kazi yangu ni kusafisha pasipoonekana: ndani ya droo, migongo, chini ya rafu. Usoni mwa kitu hapana. Bw. Lathom alisema siku ya kwanza, hajarudia.

Leo aliwagawia kazi. Wilf: vijiti viwili vilivyolegea na mguu uliooza. Mzee Gough: "Milango ya chini uipitie kidogo tu, Enoch, kwa kitambaa. Anza na wa kulia kesho." Mzee Gough akaitikia. Lakini mimi nilimtazama mikono. Vifundo vimevimba kama vitunguu. Ana miaka sabini na mbili! Asubuhi alichovya brashi ndani ya kikombe chake cha chai, akapaka mara mbili ndipo akanusa. Wilf alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo rafu itaomba sukari, Enoch!"

Mzee Gough alicheka pia. Ila alikwenda kumwaga ile chai nje mwenyewe, na alikaa sana huko nje.

Jumamosi, 10 Machi

Nina furaha! Naandika upesi kabla Dilys hajaamka.

Jana Mzee Gough aliufuta ule mlango wa kulia mara moja, kwa mwendo wa kobe, kisha akafunga chupa yake ya spiriti, akairudisha rafuni, akaniambia, "Jumatatu nitaendelea, vidole vimegoma." Akaniomba leo nije kutia makaa jikoni ili gundi ya Wilf isishikwe na baridi. Bw. Lathom yuko mnadani Hereford. Wilf yuko mpirani.

Nikatia makaa. Nikakaa nautazama ule mlango. Mweusi mweusi kwenye pembe, na kuzunguka tundu la ufunguo kuna duara la giza kama la uchafu wa mikono. Nikawaza mzee wa watu atasugua yote haya kwa vidole vile? Kumbe mimi nimesugua maboksi mia tano kwa wiki!

Nikashusha chupa ya spiriti. Nikachukua stilwaya. Taratibu, kwa kufuata mistari, kama tulivyofundishwa kiwandani. Weusi ukatoka, ukatoka, vitambaa vinne vimekuwa kama lami. Na chini yake — wekundu! Mwekundu kama mbweha! Saa mbili na nusu nilisugua. Duara la ufunguo limekwisha kabisa. Kisha nta, nikaung'arisha. Dilys alijiona ndani yake akapiga makofi.

Jumatatu sitasema neno. Nitamwacha Mzee Gough aingie auone mwenyewe.

Jumatatu, 12 Machi

Naandika chooni, uani. Nimemwachia Wilf mtoto.

Mungu wangu.

Bw. Lathom ndiye aliyetangulia kuingia. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningesema, naapa ningesema. Alisimama mbele ya mlango, kofia mkononi, kisha akakaa juu ya sanduku la zana. Akakaa hivyo mpaka Mzee Gough akaingia.

"Enoch," akasema. Sauti ndogo kabisa. "Enoch, nilisema kwa kitambaa."

Ndipo nikaelewa kwamba nimeharibu. Sikujua nimeharibu nini.

Wilf akaniambia kwa kunong'ona, maana nilimwuliza. Ule weusi haukuwa uchafu. Ndio ngozi. Miaka mia mbili ya nta na moshi wa makaa na jua la dirishani na mikono ya watu, vinaingia ndani ya mbao kidogo kidogo. Haununuliki, haupakwi. "Ukiutoa umetoa," Wilf akasema. "Fundi yeyote mzuri anaweza kuchonga kabati jingine kama hili. Ngozi hakuna wa kuichonga." Na kwa kuwa milango ile ni ubao mmoja uliofunuliwa, sasa kushoto ni mzee na kulia ni mtoto mchanga. Hata kipofu ataona.

Mzee Gough aliinama, pua karibu iguse. Akapitisha kidole kwenye tundu la ufunguo. Chupa ya spiriti na stilwaya vilikuwa pale pale sakafuni nilipoviacha mimi.

"Ijumaa nilikuwa hapa," akasema polepole. "Nakumbuka kitambaa." Akaiokota chupa. "Stilwaya siikumbuki, bwana. Lakini chupa ni yangu." Akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu wa kumsaidia. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilifungua mdomo. Dilys akaanguka kizizini akalia, nikaenda kumwinua, na nilipogeuka alikwisha sema:

"Basi ni mimi. Hakuna mwingine."

Nilimshika mtoto. Nilikuwa nimemshika mtoto, sikuwa na mdomo. Ndivyo ninavyojiambia hapa chooni.

Jumanne, 13 Machi

Nimeamka nimeamua. Nikaenda moja kwa moja kwenye kijiofisi cha Bw. Lathom, nikabisha.

"Ndiyo, Avis. Mtoto ana nini?"

"Hana kitu, bwana."

"Haya?"

Nikamwomba vitambaa. Vitambaa! Vile vya pamba, vimekwisha. Akanipa ufunguo wa sanduku la vitambaa akarudi kwenye karatasi zake.

Ni kweli vilikuwa vimekwisha. Mimi ndiye niliyevimaliza.

Alhamisi, 15 Machi

Wilf amebandika vikaratasi kila mahali. Kwenye chupa: SPIRITI — USINYWE. Kwenye birika: CHAI — USIPAKE. Kwenye jiko: MOTO. Kwenye msumari wa koti la Mzee Gough: ENOCH.

Mzee Gough akacheka kweli kweli. "Umesahau kunibandikia mgongoni, Wilf. Nikipotea sokoni watanirudisha wapi?"

"Hakuna atakayekurudisha, Enoch! Watakuweka dirishani na bei!"

Kila mtu akacheka, hata Bw. Lathom kidogo. Mimi pia nilicheka. Meno yangu yaliuma.

Saa ya chakula nilimwona Mzee Gough, amedhani yuko peke yake. Alikuwa amesimama mbele ya ule msumari, miwani juu ya paji, anakisoma kikaratasi. Hakukitoa. Alikisoma tu, midomo inacheza, kama anahakikisha.

Mkate na jibini nilirudi nao nyumbani.

Jumamosi, 17 Machi

Barua ya Ivor. Joto, vumbi, na machungwa yanayookotwa chini bure. Ameuliza: je, wamekupenda huko karakanani? Najua watakupenda tu.

Nimeanza jibu mara tatu. Nimemwandikia Dilys ana jino jipya.

Nifikirie kama mtu mzima. Nikisema, Bw. Lathom atanifukuza, na atakuwa na haki. Nani mwingine ataajiri mama na mtoto ndani ya zizi? Nitarudi kiwandani, na kiwandani hawataki watoto, na Bi. Pugh hasimami. Nikinyamaza, mzee ameishi maisha yake, ana pensheni yake ndogo, na hakufukuzwa wala kukaripiwa. Hakuna aliyemkaripia.

Nimeyasoma tena haya niliyoandika. Sikujua kwamba mimi ni mtu wa namna hii.

Jumatatu, 19 Machi

Ananifundisha. Hili ndilo baya kuliko yote.

Bw. Lathom amesema mlango hauwezi kuponywa, ila unaweza kufarijiwa. Mzee Gough akasema atafanya, lakini kwa mikono ya Avis, yeye aelekeze. Basi siku nzima nilipiga magoti mbele ya mlango ule ule. Chai nzito isiyo na maziwa, mara tatu, ikauke kila mara. Vumbi la tofali lililosagwa laini, na mafuta ya kitani. Kisha nta aliyoichanganya na masizi kidogo, ukiisukuma kwa kidole gumba kwenye pembe tu, palipokuwa na weusi wa asili. "Usisugue. Unabembeleza. Kama unamlaza Dilys." Akanionyesha namna ya kufunga pamba ndani ya kitambaa cha kitani, iwe kama yai bapa, na kuipitisha juu ya mbao kwa mwendo wa duara lililojikunja. Kila fundi wa polishi ana mwendo wake. Wake alifundishwa na mjomba wake, hakuwahi kumpa mtu. Leo amenipa.

"Una mkono," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote?"

Nikasema, kwa kigugumizi, "Mzee Gough — labda haukuwa wewe."

Akaacha mkono wangu. Sijawahi kumwona amekasirika.

"Usinifanyie hivyo, Avis. Binti yangu ananifanyia hivyo. 'La, Baba, labda ulikuwa upepo. Labda alikuwa paka.' Nimeharibu kitu kizuri, na sikumbuki kukiharibu. Niachieni angalau nijue hilo."

Kisha alinieleza kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Amemwandikia binti yake aliyeko Wrexham. Binti ametafuta nyumba ya wazee, ina bustani, masista wazuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Anaogopa siku moja ataacha jiko linawaka ndani ya chumba chake achome nyumba nzima na majirani. Ataondoka mwisho wa mwezi. Jiko lake amekwisha acha kuliwasha. Anakula chakula baridi tangu Jumatatu iliyopita.

Anakula baridi! Anakaa kwenye baridi ya Machi, kwa sababu yangu!

Vumbi la tofali lilikuwa limejaa mikononi mwangu na alikuwa amekasirika na sikusema.

Jioni, Bw. Lathom akaniita mlangoni. Meza ya Enoch itakuwa wazi, akasema. Anaona nina mkono. Nifikirie.

Hiyo ndiyo meza niliyoiota tangu siku ya kwanza.

Jumatano, 21 Machi

Kabati limekwisha. Mlango wa kulia umefarijika. Ukisimama mbali, jioni, unaweza kudanganyika. Ukikaribia, unaona mtoto aliyevaa koti la babu yake.

Kesho kutwa Bi. Aldersey anakuja kuliona kabla halijarudishwa. Na hapa kuna desturi, nimeijua leo. Mafundi wa zamani wote wameifuata na Bw. Lathom naye anaifuata. Kila anayekigusa kitu cha kale anaandika nyuma yake kwa penseli: nini, nani, lini. Tuliligeuza kabati, Wilf akamulika. Maandishi yapo, yamefifia lakini yanasomeka. *Mguu wa kushoto, T. Bebb, 1843.* *Kioo kimoja, kosa langu, J. Onions, mvua kubwa, 1879.* *Kitasa, R. Bebb, mjukuu, 1901.* Nilimpenda huyo J. Onions. "Kosa langu." Miaka sabini na saba mtu hayupo, na bado anasimama hapo anasema.

Wilf akaandika yake: vijiti, mguu. Bw. Lathom akasema, si kwa ukali, "Na mlango, Enoch."

Mzee Gough akachukua penseli. Akaikaribia mbao, akarudi nyuma, akavaa miwani, akavua. "Sioni vizuri huku nyuma," akasema. Halafu akanipa mimi ile penseli. "Avis ana mwandiko wa shule. Andika, mwanangu: Mlango wa kulia wa chini, ngozi iliondolewa, E. Gough, kwa kusahau."

Nikasema nitaandika Ijumaa, ili kwanza nijizoeze kwenye karatasi. Wakaniamini. Wananiamini kila kitu!

Penseli iko mfukoni mwa aproni yangu. Kila nikiinama inanichoma.

Ijumaa, 23 Machi

Bi. Aldersey yupo. Wanakunywa chai mbele, mimi nimesema nakwenda nyuma ya kabati kuandika. Dilys yuko nami, anavuta kamba ya kiatu changu.

Niandike yalivyokwenda. Amekuja kwa baiskeli, na umri ule! Koti la mvua, kofia ya kiume. Bw. Lathom akaanza kumweleza, akamkatiza: "Naona, naona, nina macho." Akapiga goti moja mbele ya mlango, akaweka kidole gumba pale kwenye tundu la ufunguo palipokuwa na lile duara.

"Mmeliogesha," akasema.

Mzee Gough akasogea mbele. Alikuwa amevaa tai. Nilikuwa sijamwona na tai. Akasimama mikono ubavuni na kusema yote, hakuruka kitu: aliambiwa kitambaa, akatumia stilwaya, hakumbuki, kichwa chake kimechoka, anaomba radhi, anaacha kazi.

"Enoch Gough," akasema Bi. Aldersey, "umetengeneza viti vya nyumba yetu tangu nilipokuwa nasuka mikia miwili. Usisimame kama mtoto wa shule. Keti." Hakuketi. Akamwambia mlango ni mlango, yeye hakasiriki. Ila aliinuka kwa kushika rafu, na sauti ilikuwa nzito. Akamwuliza kuhusu hiyo nyumba ya wazee, ina madirisha upande gani. Mzee Gough akajibu hajui. "Sijaiona. Wamesema ina bustani."

"Hujawahi kupenda bustani maisha yako yote!"

"Nitajifunza, Bi. Aldersey," akasema.

Wilf aligeukia ukutani. Kile kikaratasi cha ENOCH amekitoa msumarini, nilimwona akikikunja kikawa kidogo kabisa.

Nami nikashika penseli nikaja huku nyuma.

Nilipiga magoti. Ubao ni mkavu, una harufu ya vitabu na panya. Juu yake T. Bebb, J. Onions, R. Bebb mjukuu. Niliandika: *Mlango wa kulia wa chini, ngozi iliondolewa, 10 Machi 1956.* Mwandiko wa shule, mistari imenyooka. Kisha nafasi ya jina. Nilisikia wanacheka huko mbele, Bi. Aldersey amesema kitu kuhusu baiskeli. Mzee Gough hakucheka.

Nimeandika *Avis Tranter*. Nimelikandamiza sana, penseli imevunjika ncha kwenye herufi ya mwisho. Nikaongeza *kosa langu*, kwa ncha iliyobaki.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Sijisikii mwepesi. Naandika hapa kwa sababu maadamu naandika hakuna aliyesoma bado, na Dilys ana zizi, na Ivor hajui. Penseli hufutika. Wilf ana mkate mkavu mezani pake wa kufutia, hatua tano tu kutoka hapa. Nimeutazama. Nimekwisha utazama mara mbili.

Meza nimeipoteza, najua. Kazi pia, huenda. Nitamwombaje Bi. Pugh —

Wanasimama, vikombe vinakusanywa. Bw. Lathom anaomba taa, anataka kumwonyesha Bi. Aldersey maandishi. Na Mzee Gough ndiye anayekuja mbele na taa, namjua kwa mwendo wake.

"Avis? Umemaliza, mwanangu?"

Nimesema nakuja. Ananiita tena. Kabla hajamulika mbao nitamwambia kwa mdomo wangu, yeye kwanza kabla ya yeyote, kwamba leo akawashe jiko lake, kwamba kichwa chake hakina kasoro yoyote, kwamba Ijumaa ile aliifunga chupa na kuirudisha mahali pake na mimi nilimwona kwa macho yangu, na